Inalia ikiwaka au inalia ikichoka?

Kazi yangu ni kusikiliza. Watafiti na wanafunzi wa vyuo hurekodi mahojiano, wananitumia sauti, nami naiandika neno kwa neno: na kikohozi, na kicheko, na pale mtu anapoanza sentensi akaitelekeza njiani. Sauti ya saa moja inanila saa nne au tano, na mzungumzaji akiwa mzee asiye na meno ya mbele inafika saba. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi hiyo katika chumba cha uani, Ngamiani, hapa Tanga, hedifoni kichwani, mguu wa kulia juu ya pedali ya kurudisha sauti nyuma.

Usiku mmoja nilikuwa na bibi wa upande wa Pangani. Mambo yake mengine nimeyageuzageuza hapa, maana si yangu kuyatangaza. Alikuwa anasimulia alivyoolewa akiwa binti mdogo, alivyopelekwa kwa kina mumewe, na alivyopokelewa. Nikachapa: "Mama mkwe wangu alinipa chungu siku ile ile ya kwanza, nami nikapokea." Baada ya hapo akasema maneno mawili matatu kwa sauti ya chini, ya mtu anayejisemesha mwenyewe. Nikarudisha nyuma mara nne. Sikuambulia kitu. Nikaweka mabano kama ilivyo desturi yetu, [haisikiki], nikasonga mbele.

Nilipovua hedifoni nipumzishe masikio, mvumo uliokuwa chini ya maneno ya bibi haukuondoka. Nilikuwa nimedhani ni wa kwenye rekodi, pengine jirani yake alikuwa anasaga kitu. Kumbe ulikuwa chini ya meza yangu.

Kompyuta yangu ni ya mezani, mtumba, niliinunua Kariakoo ikiwa bado na stika ya hesabu ya mali ya ofisi fulani ya Ujerumani. Watu hunishangaa kwa nini sichukui laptopu. Jibu ni kwamba kibodi ya mezani inavumilia vidole vyangu, na ya mezani ikiharibika naifungua kwa bisibisi moja. Hilo la pili nilikuwa nalisema kwa majigambo, ingawa kwa miaka mitano sikuwa nimewahi kuifungua hata mara moja.

Basi nikaipiga teke. Ikanyamaza.

Teke lile lilinipotezea karibu mwezi mzima. Kila ilipoanza kukoroma, mguu wa kushoto ulijua la kufanya bila kuniuliza, wakati wa kulia uko kwenye pedali. Mke wangu alikuwa akiuliza kutoka chumba cha pili, "Trekta yako inazimwa saa ngapi leo?" Nami nagonga, kimya, nusu saa, inaanza tena. Teke hufanya kazi kwa sababu linasogeza mhimili wa feni ukakaa upande ambao haujalika sana. Ukikaa kidogo unarudi palepale. Ila ndani ya kisanduku hicho hicho ninachokipiga teke kulikuwa na hadi diski yenye sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani hiyo kwa nafasi nyembamba kuliko unywele, nyembamba mno. Sauti za wateja wangu wote zilikuwa humo. Nikikumbuka hilo mpaka leo nasikia joto la uso.

Siku ilipokataa kusikia teke, nilifanya kosa la pili, la kununua kabla ya kutazama vizuri. Nilivua ubao wa pembeni, nikaona feni nyuma ya keisi, nikasema ni hii. Nikaipima mapanga yake kwa rula ya shule ya mwanangu, ncha hadi ncha, nikapata sentimita nane na kitu. Nikaagiza Dar feni ya milimita 80, shilingi 18,000, ikaja kwa basi.

Ilipofika haikuingia. Feni haipimwi mapanga, inapimwa fremu, ukingo hadi ukingo. Yangu ilikuwa ya 92. Na hata fremu ukiikosea, matundu ya skrubu yatakwambia: ya milimita 80 yako mbali kwa 71.5, ya 92 kwa 82.5, ya 120 kwa 105. Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilichofanya ni kuifunga ile ndogo kwa kamba za plastiki katika tundu la kubwa, ikaning'inia kama popo, na kwa kuwa plagi yake haikufanana na ya kwenye bodi, lile bao kuu la saketi, nikaichomeka moja kwa moja kwenye waya wa pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Ikapata volti 12 kamili muda wote, ikawa inazunguka kwa nguvu zake zote hata kompyuta ikiwa haina kazi. Nikawa na kelele mbili. Ile ya zamani haikuwa imepungua hata chembe, kwa sababu feni ya nyuma haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimemfukuza asiyehusika.

Kwenye baraza ya nyumba yetu anakaa fundi cherehani, mzee ambaye mashine yake ya chuma ina umri kunizidi. Kila asubuhi ananisikia nikipita, ananisikia nikiwasha, kwa sababu dirisha langu liko karibu na mgongo wake. Asubuhi moja nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaendelea kukanyaga pedali yake, halafu bila kunitazama akaniuliza:

"Hiyo mashine yako inalia ikiwaka, au inalia ikichoka?"

Nikasimama. Sikuwa na jibu. Mimi ambaye naweza kukwambia kwamba mtu fulani kwenye dakika ya 23 alimeza mate kabla ya kutaja jina la kaka yake, sikujua kompyuta ninayokaa nayo saa kumi kwa siku inapiga kelele wakati gani.

"Cherehani ikilia ikiwaka," akasema, "imekauka. Ikilia ikichoka, kuna kitu kinaikaba. Sasa nenda kasikilize."

Niliporudi ndani nilichukua daftari, nikafanya kama ninavyofanya kwa wateja: saa, sauti, mazingira. Siku tatu. Asubuhi, nikiiwasha ikiwa baridi, mkwaruzo mkavu, krrr, kwa dakika tatu nne, halafu unatulia. Mchana, nikifungua faili kubwa au programu ya kusafisha sauti, mvumo unapanda taratibu, hauna mkwaruzo, ni upepo tu kama wa basi linapanda mlima, na ukishapanda hauteremki mpaka nizime. Usiku, vyote viwili kwa pamoja. Kumbe lile jitu moja nililokuwa nikilipiga teke lilikuwa mawili. Imekauka, na inakabwa.

Ilibaki kujua ni feni ipi. Kompyuta kama yangu ina tatu: ya prosesa (ubongo wa kompyuta), ya nyuma ya keisi, na iliyo ndani ya pawa saplai. Zenye kadi kubwa za picha zina na nyingine. Niliwahi kuona fundi wa magari akiweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini sikioni. Ndani ya kompyuta iliyowashwa sishauri mtu aingize chuma. Nilichukua kipande cha mpira wa maji, kama mita moja, ncha moja sikioni, nyingine nikaisogeza karibu na kila feni bila kuigusa. Sauti iliyokuwa imetapakaa chumba kizima ikakusanyika mahali pamoja. Ya nyuma: upepo tu. Ya pawa saplai: mvumo wa chini, wa afya. Ya prosesa: krrr. Kuhakikisha, nikabonyeza katikati ya feni ya prosesa kwa ncha ya kidole, pale kwenye stika, si kwenye mapanga, ikasimama kwa sekunde mbili. Kimya. Nikaachia. Krrr.

Daftari lilipotimia nikazima, nikachomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia mara kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikafungua kwa kweli. Pawa saplai sikuigusa skrubu zake na wala sitazigusa, maana ndani yake kuna kapasita zinazobaki na umeme hata baada ya kuchomolewa, na si umeme wa kuchezea. Lakini sehemu nyingine nilizitazama kama mtu anayeingia nyumba ya jirani kwa mara ya kwanza. Chini kabisa ya bodi nilimkuta mjusi kafiri aliyekauka, mwembamba kama karatasi, mkia umejikunja. Sijui aliingilia wapi wala alikaa humo tangu lini. Skrubu zilizo karibu na matundu ya nyuma zilikuwa na kutu, kwa ile hewa ya bahari inayokula hata bawaba za milango yetu.

Feni ya prosesa imekaa mbele ya pande la alumini lenye mapezi membamba mengi, mafundi huliita hitisinki. Kazi ya lile pande ni kupokea joto la prosesa, na kazi ya feni ni kulipeperusha. Nilipoitoa feni, mapezi hayakuonekana. Kulikuwa na blanketi. Vumbi, nyuzi za vitambaa, nywele, vimeshikana kwa unyevu wa Tanga vikawa kitu kimoja unachoweza kukibandua kwa vidole kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Nyuzi nyingine zilikuwa na rangi: nyekundu, kijani, zambarau. Zilitoka kwenye baraza, kwenye cherehani ya mzee. Miaka mitano kompyuta yangu ilikuwa inavuta kanga za mtaa mzima.

Hapo ndipo penye "inakabwa". Upepo haupiti, joto linabaki, bodi inaona joto limepanda inaiamuru feni iongeze kasi, feni inazunguka kama kichaa mbele ya ukuta wa vumbi. Na kadiri inavyozunguka ndivyo inavyovuta vumbi zaidi. Kabla sijafungua, programu ndogo ya kusoma joto ilionyesha nyuzi 91 wakati wa kazi nzito. Prosesa nyingi zikikaribia 100 zinajipunguzia kasi zenyewe zisiungue, na nadhani ndiyo sababu programu ya kusafisha sauti ilikuwa imekuwa nzito, jambo ambalo nilikuwa nalilaumu intaneti, sijui kwa mantiki gani.

Vumbi nililitoa kwa brashi ya rangi, mpya, laini. Nilijaribu kwanza kumpelekea fundi pancha feni aipulize kwa kompresa yake, na pulizo la kwanza likatoka na matone ya maji. Tangi la kompresa hukusanya maji ya hewa, na huku pwani hewa yenyewe nusu ni maji. Kama nisingekuwa nimepeleka ile feni peke yake, kama ningepeleka kompyuta nzima, hadithi hii ingekuwa fupi. Na ukipuliza feni kwa upepo wowote ule, shika mapanga yasizunguke.

Baada ya usafi ule mvumo wa mchana ulipungua kwa namna ambayo sikutegemea. Ya asubuhi, krrr, ilibaki.

Mzee akanipa mafuta ya cherehani, kichupa kidogo chenye mdomo mrefu. "Tone moja," akasema. "Ukizidisha umeiua." Feni za bei ya kawaida zina bushi: mhimili wa chuma unazunguka ndani ya bomba dogo lenye mafuta. Joto likikausha mafuta, chuma kinasugua chuma. Unabandua stika ya katikati, chini yake mara nyingi kuna kizibo cha mpira, unadondosha tone, unarudisha. Mafuta ya kupikia usiweke, yanaganda yakawa gundi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegeza kutu nayo huyeyusha kidogo kilichobaki kisha inatoweka hewani.

Nilidondosha tone moja. Ikalainika. Nikafurahi, nikadondosha la pili, halafu la tatu la shukrani.

Stika haikushika tena kwenye mafuta. Nikaiwekea gundi ya karatasi. Siku kumi na tisa kompyuta ilikuwa kimya, nikawa namsifu mzee kwa kila aliyekuja uani. Siku ya ishirini, katikati ya mahojiano ya mvuvi, kukatokea mlio kama wa kadi ya karatasi kwenye spoku za baiskeli. Stika ilikuwa imebanduka ikaingia kwenye mapanga, na mafuta yaliyozidi yalikuwa yamerushwa kwenye mapezi, yakaokota vumbi jipya haraka kuliko zamani. Nilipoitoa feni na kuutikisa mhimili kwa vidole, ulicheza huku na huku. Bushi ilikuwa imelika ikawa na umbo la yai. Tone la mzee lilikuwa sahihi kwa mashine iliyokauka, lakini hii yangu ilishapita kukauka. Nilimweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. "Na yale matatu nani alikwambia?"

Safari hii niliagiza feni nikijua ninachotaka: milimita 92, unene 25, volti 12, ya pini nne, na yenye beringi za gololi au zile za kisasa ambazo mhimili unaelea katika mafuta yaliyofungiwa. Bushi za kawaida hazipendi joto. Gololi zinadumu, ila zikizeeka nazo hulia. Nilichagua ya mafuta yaliyofungiwa, shilingi 32,000 na nauli ya basi. Muuzaji alipotaka kunipa "nzuri zaidi, ya taa za rangi" nikamwambia mimi nalipwa kwa masikio.

Ikaja, ikatosha, na plagi haikuingia.

Kampuni zinazotengeneza kompyuta za ofisi hupenda kuweka plagi zao wenyewe. Ya kwangu ilikuwa na nafasi za pini tano, moja tupu, na mpangilio ambao haufanani na wa dukani. Nikaenda kwa kijana anayetengeneza redio barabara ya pili kutoka kwetu. Akaziweka feni mbili kando kando mezani. Ya dukani: waya mweusi, wa njano, wa kijani, wa buluu. Mweusi ni wa kurudisha umeme, njano analeta volti 12, kijani anapeleka habari kwenye bodi kwamba feni inazunguka, mapigo mawili kwa kila mzunguko, na buluu analeta amri ya kasi. Hiyo amri ni nzuri kuijua: bodi haipunguzi umeme wa feni, bali inapeleka mapigo 25,000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaosema feni iende kasi gani. Kwa nini 25,000? Kwa sababu sikio la binadamu linaishia kama 20,000. Walichagua mahali ambapo hatusikii. Nilimpenda sana mtu aliyefikiria hivyo.

"Za hii ya zamani usiziamini rangi, kaka," kijana akasema, akachukua mita yake. Mweusi na wa volti 12 tukawapata kwa kupima. Wawili waliobaki tukabahatisha. Akakata plagi ya zamani ikiwa na kipande cha waya, akalehemu waya kwa waya, akavisha kila kiungo mpira wake.

Lakini kabla ya kufunga feni niliamua kuling'oa lile pande la alumini lenyewe, kwa kuwa nilishafika huko. Hii niliifanya vizuri, na naisema kwa sababu mengine yote nimeyasema. Niliiacha kompyuta iwake dakika kumi ili ile pesti ya kati ya prosesa na pande ilainike, nikazima, nikachomoa. Skrubu nne zenye springi nikazilegeza kwa mkingamo, kidogo kidogo. Halafu sikuvuta juu. Nilizungusha pande kushoto na kulia mpaka likaachia lenyewe, maana ukivuta kwa nguvu prosesa nyingine huweza kung'oka nalo. Pesti ya zamani ilikuwa imekuwa ukoko wa wali. Nikaifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti ya duka la dawa, nikasubiri ikauke kabisa, nikaweka pesti mpya kiasi cha mbaazi moja katikati. Sikuisambaza. Pande likikazwa linaisambaza lenyewe. Kazi ya pesti ni kujaza mikwaruzo midogo isiyoonekana ambayo ingebaki na hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Ukiweka nyingi kama siagi ya mkate umejisumbua bure.

Mshale kwenye fremu ya feni huonyesha upepo unakoelekea. Kama hakuna mshale, upepo huelekea upande wenye stika na vile vishikizo vinavyobeba mota. Nikahakikisha kwa kipande cha karatasi ya chooni.

Nikawasha. Feni ikapiga ukunga, kasi ya mwisho, na kwenye kioo maandishi: kosa la feni ya prosesa, bonyeza F1 kuendelea.

Nilikaa kwenye kiti. Zamani mguu wa kushoto ungekuwa umeshanyanyuka. Sasa nilijiuliza swali la mzee kwa namna yake: inalia vipi? Inazunguka kwa kasi yote, maana yake haipati amri. Na bodi inasema haioni feni, maana yake haipati habari. Mambo mawili yamepotea kwa pamoja, na waya tuliobahatisha ni mbili. Nikarudi kwa kijana, akageuza wa kijani na wa buluu, dakika tano. Hakutaka hela ya mara ya pili.

Nikawasha. Feni ikaanza kwa pumzi moja, ikateremka, ikateremka tena, nikadhani imezima. Nikainama na tochi. Inazunguka. Kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio ya bodi yenyewe, ilisoma mizunguko 1,100 kwa dakika. Ile ya zamani, nilipokuwa naisoma wakati wa daftari, ilikuwa ikikaa kwenye 2,400. Kasi ya feni ikipungua nusu, kelele hushuka kama desibeli 15, na sikio huhesabu desibeli 10 tu kuwa ni nusu ya sauti. Joto la kazi nzito likawa 63.

Usiku ule chumba kilikuwa kigeni. Nilisikia saa ya ukutani ambayo nilishasahau kama inatembea. Nilisikia hadi diski ikinong'ona, na wiki hiyo hiyo nikainunulia mwenzake wa akiba. Mke wangu akaja mlangoni akauliza kama umeme umekatika.

Nilifungua faili la yule bibi wa Pangani. Nilikuwa nimeshalituma, nimeshalipwa, hakuna aliyelalamika. Sijui nilitaka nini, labda kulijaribu sikio tu. Ukurasa wa 14 kulikuwa na yale mabano yangu. Nikaweka hedifoni, nikarudisha nyuma kwa pedali. Maneno ya chini chini yalikuwa matatu, na yalisikika bila shida:

"Ninao mpaka leo."

Nikaandika. Nikafuta mabano. Halafu mkono ukasita, kwa sababu mtu akipewa chungu akakihifadhi, husema ninacho. Bibi wa Pangani hawezi kukosea hapo, mtoto wa miaka minne hakosei hapo. Nikarudi sentensi moja nyuma, nikapunguza mwendo wa sauti, nikasikiliza baina ya "alinipa" na neno linalofuata. Kulikuwa na irabu. Fupi, ya chini, imemezwa na ile iliyotangulia, lakini ipo.

Feni ya zamani ilikuwa na mapanga saba. Mizunguko 2,400 kwa dakika ni 40 kwa sekunde, mara saba ni 280. Mvumo wake ulikuwa unakaa kwenye mitetemo 280 kwa sekunde, na irabu "u", ukiipima, nguvu yake kubwa ya chini iko karibu na 300. Sikuwa nimepoteza sauti yoyote ile. Nilikuwa nimepoteza hiyo.

Saa sita na robo usiku nilimwandikia mtafiti. Nilimwomba radhi kwa kumsumbua na kazi aliyokwisha kuilipia, nikamwambia afungue ukurasa wa 14, mstari wa tisa. Si "alinipa chungu". Ni "alinipa uchungu siku ile ile ya kwanza, nami nikapokea. Ninao mpaka leo."